Mashanza hayagandi: nani anatuletea maziwa ya ng'ombe aliye kwenye dawa?

MamaMashanza_Katindo (mwenye uzi)

Ndugu zangu wa Goma na wa Masisi, salamu kwenu. Nina neno na nyinyi wafugaji, na pia nyinyi mnaonunua maziwa ya asubuhi barabarani mkadhani kuyachemsha kunamaliza kila kitu.

Mimi natengeneza mashanza (maziwa ya kuganda) na yogati hapa Katindo, mjini Goma. Maziwa ninayachukua kwa mkusanyaji mmoja anayepokea bidoni (madumu) za kutoka Mushaki, Karuba na Kilolirwe, huko Masisi. Tangu mvua zilipoanza, kuna siku sufuria nzima inalala na kuamka majimaji. Chachu ni ileile, joto ni lilelile, vyombo vimeoshwa na kusuuzwa. Usiku mmoja nikaweka pembeni yake maziwa ya jirani mwenye ng'ombe wawili, kwa chachu hiyohiyo. Ya jirani yakaganda vizuri. Haya mengine hayana harufu mbaya, rangi ni nyeupe, ladha ni ya maziwa. Yanakataa tu kuchachuka.

Nilipomwambia mkusanyaji, alicheka: "Mama, maziwa yasiyoharibika ni baraka." Hapo ndipo nilipopata wasiwasi. Maziwa mabichi yakikaa siku nzima bila friji lazima yachachuke. Yasipochachuka, kuna kitu ndani kinachoua bakteria wake.

Nasikia ni sindano. Ng'ombe anachomwa leo, kesho anakamuliwa, na bidoni inapanda pikipiki. Wenye kujua watuambie ukweli.

Motari_wa_Sake

Mama, miye njo nabebaka hizo bidoni. Mwenye kunipatia maziwa hanielezeke ng'ombe gani alichomwa sindano. Saa kumi na mbili asubuhi bidoni iko tayari kando ya barabara, nafunga na kamba, natelemuka. Kufika kwa kituo banamwanga yote ndani ya tanki moja. Maziwa ya watu makumi inakuwa maziwa ya mutu moja. Sasa utauliza nani?

Veto_Mstaafu

Mama, umefanya jambo ambalo wengi hawalifanyi: umeweka maziwa mengine kando ukalinganisha. Bila hivyo ningekuomba usimshtaki mtu. Chachu hushindwa kwa sababu nyingi: chachu yenyewe imechoka, baridi ya usiku, sabuni iliyobaki kwenye bidoni, au ile oksijene ya kuoshea vidonda (haidrojeni peroksaidi) ambayo wachuuzi wengine humimina ili maziwa yasichachuke njiani. Lakini maziwa mawili, chachu moja, usiku mmoja, na moja linakataa? Hapo kuna kizuizi ndani ya maziwa, na cha kwanza kushuku ni antibiotiki.

Bakteria wa yogati, hasa Streptococcus thermophilus, hawaiwezi penisilini hata ikiwa kidogo sana. Wenye viwanda wanalijua hilo tangu zamani. Hata kipimo cha Delvotest kilichotoka Uholanzi miaka ya 1970 kimejengwa juu ya wazo hilohilo la sufuria yako. Ndani ya kichupa mna bakteria anayependa joto kali. Unatia maziwa kidogo, unaacha kwenye nyuzi 64 kwa muda wa saa tatu hivi. Bakteria akikua anatoa asidi, na rangi ya zambarau inageuka njano. Ikibaki zambarau, kuna kitu kimemzuia. Kuna na vijiti vya kuchovya vinavyotoa jibu kwa dakika chache, ila kila aina ya kijiti hutafuta kundi lake la dawa. Kijiti cha penisilini hakitakuambia lolote kuhusu oksitetrasiklini.

Sasa sindano. Dawa ikichomwa msulini inaingia kwenye damu, na maziwa yanatengenezwa kutokana na damu. Ukuta ulio kati ya hivyo viwili hauzuii dawa kupita. Dawa iliyosukumwa moja kwa moja kwenye chuchu, ile ya tyubu, ndiyo inayoacha mabaki mengi zaidi. Na hapa wafugaji wengi wanajidanganya: wanamwaga maziwa ya chuchu moja iliyotibiwa na kukamua zile tatu kwa ajili ya soko. Dawa hupita kutoka kiwele hadi damuni na kurudi kwenye chuchu nyingine. Maziwa ya ng'ombe mzima yanatengwa.

Yatengwe siku ngapi? Hilo linaitwa muda wa kusubiri, na limeandikwa kwenye boksi la dawa. Penisilini nyingi za kawaida ni siku tatu au nne. Oksitetrasiklini ya asilimia 20, ile inayokaa mwilini muda mrefu, kwenye maboksi mengi ni wiki nzima, na mengine yanasema wazi isipewe ng'ombe ambaye maziwa yake yananywewa na watu. Msichukue namba ya boksi moja mkaipeleka kwenye boksi lingine. Dawa ni ileile kwa jina, lakini jinsi ilivyotengenezwa inabadili siku.

Kijana_Birere

Dokta, heshima yako. Lakini sisi tumekunywa maziwa ya Masisi tangu utoto na tuko hai. Bidoni moja yenye dawa ikiingia kwenye tanki la bidoni ishirini, si imekwisha nguvu?

Veto_Mstaafu

Tupige hesabu pamoja, kijana wangu. Kiwango cha juu cha penisilini kinachoruhusiwa kimataifa ni mikrogramu 4 kwa kila kilo ya maziwa. Miligramu moja ni mikrogramu 1,000. Kwa hiyo miligramu moja ya penisilini, kitu usichoweza hata kukiona kwenye ncha ya kidole, inatosha kufikisha lita 250 kwenye mpaka huo. Tyubu moja ya kloksasilini ya kiwele huwa na miligramu 200. Kiwango chake ni kikubwa zaidi, Ulaya wanaruhusu mikrogramu 30. Lakini tuseme sehemu moja tu ya kumi ya tyubu imetoka kwenye mkamuo wa kwanza: hizo ni miligramu 20, na zinaharibu zaidi ya lita 600. Tanki lako la bidoni ishirini za lita ishirini ni lita 400.

Kwa hiyo ng'ombe mmoja anatosha.

Kuhusu kuwa hai: sikatai. Mabaki haya hayamwangushi mtu barabarani, na anayekuja kuwatisha kwamba glasi moja inaua msimsikilize. Hatari ziko za aina mbili. Kuna watu wenye mzio wa penisilini, na kwao hata kidogo kinaweza kuleta vipele au zaidi. Ndiyo maana wataalamu wa FAO na WHO walisema mtu asipate zaidi ya mikrogramu 30 za penisilini kwa siku kutoka vyakula vyote. Hatari ya pili ni ya polepole: bakteria wanaokutana na dawa kila siku kwa kipimo kidogo wanajifunza kuizoea. Siku mtoto anapougua kweli, amoksisilini ya farmasi haifanyi kitu.

Mama_wa_Himbi

Dokta, mimi nachemsha maziwa hadi yanapanda mara tatu. Hiyo haitoshi? Na mtoto wangu wa miaka miwili anatoka vipele kila akinywa. Niseme ni dawa?

Veto_Mstaafu

Endelea kuchemsha, mama, usiache kamwe. Kuchemsha kunaua vijidudu vya kifua kikuu cha ng'ombe na vya brusela, na hayo kwetu ni maradhi ya kweli. Lakini dawa haifi kama kijidudu. Penisilini inapungua kidogo tu kwa moto wa jikoni, tetrasiklini inapungua zaidi kidogo, sulfa na kloramfenikoli karibu hazishtuki. Friji nayo haisaidii, na kugandisha maziwa kuwa mashanza hakuiondoi.

Kwa mtoto, mpeleke kwa daktari wa watoto kabla hujamlaumu mfugaji. Mzio wa maziwa yenyewe, yaani wa protini zake, ni wa kawaida zaidi kwa watoto kuliko mzio wa dawa iliyobaki ndani yake. Asiye na uhakika asimwachishe mtoto maziwa kwa sababu ya uzi wa mtandaoni.

Papa_Jibini

Niingie kidogo, maana sisi watu wa jibini tunaumia kuliko nyinyi wa mashanza na hakuna anayetusikia.

Maziwa yenye dawa kwenye jibini yanakudanganya. Ukitia prezure, yanaganda kama kawaida, maana prezure ni kimeng'enya na antibiotiki haikigusi. Unakata, unakoroga, unaweka kwenye kalibu, unasema leo kazi imekwenda. Lakini chachu ndani imekufa. Asidi haipandi. Na wale bakteria wa samadi ambao hiyo dawa haiwawezi wanabaki peke yao shambani, bila mpinzani. Baada ya siku moja au mbili jibini linavimba. Ukilikata limejaa vitundu vidogovidogo, ni sponji tupu, na harufu yake utaijua ukiwa nje ya mlango. Jibini la Masisi lenye jina, lile linalofanana na la Uholanzi ambalo kila msafiri anabeba akienda Kinshasa, linataka chachu iwe hai tangu saa ya kwanza.

Kwa hiyo mtu akiniambia "maziwa ni maziwa" mimi namwonyesha rafu za ghala langu. Kwa lita kumi za maziwa unapata kilo moja hivi ya jibini. Kalibu zikivimba zote, piga hesabu mwenyewe nimepoteza lita ngapi. Mfugaji ameshalipwa, mkusanyaji ameshalipwa, motari ameshalipwa.

Mfugaji_Karuba

Nimesoma hadi hapa nikinyamaza. Sasa mnisikilize na mimi.

Ng'ombe wa kizungu akipigwa na ugonjwa wa kiwele, au ikibagarira, ile homa ya kupe, ikiingia kwenye kundi, ninamwita veterineri. Namlipa mguu wake na kazi yake. Nanunua dawa. Ng'ombe mwenyewe amepunguza maziwa tayari. Halafu mnaniambia nimwage wiki nzima? Ng'ombe wa lita kumi kwa siku, wiki ni lita 70 zinazokwenda kwenye majani. Wachungaji wangu wanaishi kwa maziwa hayo, ada ya shule inatoka humo. Na mkusanyaji analipa bei moja kwa maziwa safi na kwa maziwa machafu. Hajawahi kunusa, hajawahi kupima, hajawahi kuuliza. Anachopima ni maji, tena siku akikumbuka.

Mimi namwaga. Lakini jirani yangu asiyemwaga anauza kuliko mimi na anapata jina la mfugaji hodari. Niambieni, nani katika huu uzi amewahi kumlipa mtu kwa maziwa aliyoyamwaga?

Mbona kimya?

Kijana_Birere

Mzee wa Karuba amepiga msumari palepale. Lakini Mzee, hayo unayoyatenga unayamwaga kweli chini, au wanakunywa watoto wa wachungaji?

Mfugaji_Karuba

Wapo wanaowapa wachungaji. Sitajificha nyuma ya hilo, nimeliona kwenye mashamba. Mimi nayapa ndama.

Veto_Mstaafu

Kumpa mchungaji maziwa ambayo umekataa kumuuzia mtu wa mjini ni dhuluma, na nisingetaka tulipitie haraka. Watoto wale ndio wanaokunywa maziwa mengi kuliko sisi sote.

Kwa ndama, wengi duniani wanafanya hivyo na hasara yake inajulikana: tumbo la ndama linakuwa shule ya bakteria sugu, na mwakani dawa ileile haitamponya yeye mwenyewe. Kama lazima, apewe ndama dume atakayechinjwa baadaye sana, si mtamba unayemtunza awe mama wa kundi. Na maziwa ya mikamuo ya kwanza baada ya tyubu, hayo mwageni mbali na mto.

Niseme pia kuhusu ikibagarira, kwa sababu nimeona fujo. Buparvakwoni inapiga kijidudu cha kupe, si antibiotiki ya bakteria. Wengi wanaongeza oksitetrasiklini juu yake. Hizo ni dawa mbili zenye siku mbili tofauti za kusubiri, na unafuata ile iliyo ndefu. Ukizidisha kipimo kwa kuwa ng'ombe ana hali mbaya, namba ya boksi haikulindi tena. Ng'ombe mgonjwa aliyekauka maji hutoa dawa polepole. Na msifungue vidonge vya binadamu mkavikoroga kwa ng'ombe. Boksi la farmasi haliwezi kukuambia siku za maziwa. Kloramfenikoli ndiyo kabisa, nchi nyingi zimeipiga marufuku kwa wanyama wa chakula, kwa kuwa kwa watu wachache huzima uboho wa mifupa, na hakuna aliyepata kipimo kinachoweza kuitwa salama.

Papa_Jibini

Dokta, nimesikia kuna sindano isiyo na siku za kusubiri. Unachoma asubuhi, unauza jioni. Kweli?

Veto_Mstaafu

Ipo. Seftiofuri katika nchi nyingi imeandikwa siku sifuri kwa maziwa, ikichomwa kwa kipimo na njia iliyoandikwa. Kwanza ni ghali. Pili ni ya ukoo wa dawa ambazo hospitali inazihifadhi kwa wagonjwa wazito, na WHO imeziweka katika kundi la zile za kulindwa zaidi. Tukianza kuichoma kwa kila kiwele kilichovimba Masisi ili tusipoteze lita kumi, tutakuja kuilipa wodini. Mimi sikuiandika kirahisi nilipokuwa kazini, na sishauri.

Kinga ni rahisi kuliko yote haya. Osha na ukaushe kiwele, chovya chuchu kwenye dawa baada ya kukamua, ng'ombe mwenye ugonjwa akamuliwe mwisho. Na kile kipimo cha sabuni kwenye kisahani, maziwa yakivuta kama ute, kinaonyesha ugonjwa wa kiwele. Hakionyeshi dawa. Kuna watu wanachanganya hivyo viwili na kuuza maziwa kwa amani ya moyo.

Motari_wa_Sake

Miye naona kitu moja. Mwenye kuchoma sindano ni veterineri ao patro, anakuyaka mangaribi. Mwenye kukamua ni mutoto mwengine, saa kumi na moja ya asubuhi, giza. Hakuna mwenye alimuambia. Weka alama kwa ng'ombe! Kamba nyekundu kwa mguu ya nyuma, pale mukono ya mwenye kukamua inapitaka.

Veto_Mstaafu

Motari ameongea kuliko mimi na diploma yangu ya Lubumbashi. Sehemu kubwa ya mabaki niliyoyaona hayakutokana na wizi. Ni habari haikufika kwa mkamuaji. Kamba mguuni, si shingoni. Na kwenye mlango wa zizi, ubao: ng'ombe gani, dawa gani, siku ya mwisho.

MamaMashanza_Katindo

Nimewasoma wote, na mzee wa Karuba amenifunga mdomo kwa swali lake. Nilikuja kutafuta mwizi. Naona hesabu yenyewe imepinda: anayemwaga anapoteza peke yake, na sisi tunaopata maziwa safi hatumpi hata asante. Marekani kila lori la maziwa hupimwa kabla ya kushushwa, na mfugaji aliyeliharibu hulipa mzigo wote wa wenzake. Hapa, na hali ilivyo tangu vita vilipoingia Goma Januari 2025, sitegemei mkaguzi wa kusimama Sake na kichupa mkononi. Tutalindana wenyewe au hatutalindwa.

Pendekezo langu ni hili. Nichukue maziwa moja kwa moja kwa wafugaji wachache, bila tanki la mkusanyaji, kila bidoni na alama ya mwenyewe. Ile pesa aliyokuwa anabaki nayo mkusanyaji, sehemu iongeze bei ya lita, sehemu iingie kwenye kikapu, yaani mfuko wetu wa pamoja. Mfugaji akiwa na ng'ombe kwenye dawa, ananitumia ujumbe siku hiyohiyo na picha ya boksi, na kikapu kinamlipa nusu ya lita atakazomwaga.

Papa_Jibini

Mama, hapo watu wote wa Karuba watakuwa na ng'ombe wagonjwa kila wiki.

MamaMashanza_Katindo

Ndiyo maana nimesema nusu. Hakuna atakayeugua makusudi ili apate nusu ya bei. Na boksi la dawa nalo linauzwa kwa pesa.

Veto_Mstaafu

Ongeza karatasi ya veterineri, na lita zihesabiwe kwa maziwa ambayo ng'ombe alikuwa anatoa kabla ya kuugua, yaliyoandikwa kwenye daftari lako, si kwa mdomo.

Kwa kipimo chako cha nyumbani fanya hivi. Toa glasi moja kwa kila bidoni. Pasha moto uyashikilie karibu na kuchemka kama dakika kumi, kwa sababu maziwa mabichi yana vizuizi vyake vya asili vinavyoweza kukudanganya. Pozesha hadi nyuzi 42 hivi, tia chachu kipimo kilekile kwenye kila glasi, na weka pembeni glasi moja ya maziwa unayoyaamini. Baada ya saa nne hadi tano, ile unayoiamini ikiwa imeshika na nyingine bado ni maji, umepata jibu. Lakini glasi ikiganda usiseme ni safi kabisa. Chachu inaona penisilini vizuri, dawa nyingine inaziona zikiwa nyingi tu.

Mfugaji_Karuba

Mama, nusu nakubali. Ila nina masharti. Ng'ombe anayekaushwa kabla ya kuzaa naye anawekewa tyubu za muda mrefu, na akizaa mapema kuliko ilivyotarajiwa nitalazimika kumwaga hata baada ya maziwa ya mwanzo ya ndama. Hilo nalo liwe ndani ya kikapu. Na glasi yangu ikikataa kuganda, uniite nije nione kwa macho, mbele ya glasi za wenzangu, kabla hujaandika jina langu humu mtandaoni.

MamaMashanza_Katindo

Nimekubali yote mawili. Jina la mtu halitaandikwa humu.

Motari_wa_Sake

Na bidoni ikikataliwa, nani analipa safari ya kuirudisha Karuba?

Mfugaji_Karuba

Mwenye bidoni.

Motari_wa_Sake

Muandike ile kwa daftari mbele tuanze.